Sura ya Saba: Ukuta Wenye Magurudumu

Mahali pa kwanza pa kufanyia harusi Mpima Macho alipakataa kwa sababu ya nyuki. Pa pili palikuwa na ngazi nyingi, na gauni refu na ngazi ni maadui tangu dunia iumbwe. Pa tatu mapazia yalikuwa mekundu mno. Pa nne, pale penye bwawa na bata weupe, ambapo hata Shangazi alijisahau akasema "pazuri", Mpima Macho alisimama ukingoni mwa maji, akakunja uso kama mtu anayehangaika na herufi za mstari wa chini kabisa, akasema bata wale wanamtazama vibaya.

"Bata," alisema Fundi.

"Ndiyo. Bata."

Fundi hakuongeza neno. Aliwasha gari, wakarudi mjini. Ndivyo alivyokuwa. Fundi wa lifti hushinda ndani ya shimo la jengo, kwenye giza, anasikiliza chuma kinavyonung'unika mpaka chenyewe kiseme kinaumwa wapi. Mwanamke, aliamini, hapishani sana na lifti katika hilo. Ila neno hilo hakulitamka hata siku moja, maana alikuwa bado anataka kuoa.

Na alimtaka huyuhuyu. Duka la miwani la Mpima Macho lilikuwa orofa ya juu ya jengo moja la ofisi, na lifti ya jengo hilo, iliyofanya kazi miaka nenda miaka rudi bila hata kupiga chafya, ghafla ilianza kuugua kila Jumatano. Fundi anaitwa, anashuka shimoni, lifti inapona kabla hajatoa spana kwenye mfuko. Halafu, kwa kuwa yuko hapo hapo, anapanda kupima macho. Alipima mara nyingi hata akawa anazisoma herufi za ubaoni akiwa amefumba yote mawili.

"Macho yako ni mazima," Mpima Macho alimwambia siku moja, akiwa amemwinamia na kitochi chake.

"Na lifti yenu pia ni nzima," alijibu Fundi.

Mpima Macho alicheka mpaka kitochi kikamulika dari. Baada ya hapo lifti haikuugua tena, lakini wapangaji wa jengo zima walishangaa kuona fundi bado anakuja.

Sasa ilikuwa Jumamosi asubuhi, nao walikuwa njiani kwenda kuona mahali pa tano, na pa mwisho. Kikao cha familia kilikuwa kimeshasema: jioni ya leo isipopatikana sehemu, harusi itafanyika katika ukumbi mkubwa wa mjini. Ukumbi huo una ukubwa ambao mtu akipiga chafya mlangoni, anapoambiwa "afya" na watu wa jukwaani keki imeshakatwa na kuliwa.

Shangazi alikaa mbele, kama umri wake ulivyostahili, mkoba mapajani. Alikuwa mkunga mstaafu, dada wa baba yake Mpima Macho, na sauti yake ilikuwa bado ni ile iliyowaamuru watoto nusu ya wilaya watoke, wakatoka. Bibi harusi mwenyewe alikaa kiti cha nyuma cha pikapu, goti lake likigombana na sanduku la spana.

"Mimi sijasema shamba ni pabaya," alisema Shangazi, akitazama alizeti zilizopanga mstari pande zote mbili za barabara. "Ng'ombe wanaishi shamba na wamenenepa. Nasema tu, ukumbini mtu anakaa na nafasi yake. Hasongwi."

"Shangazi, ukumbini upande wangu utapotea," alisema Fundi. "Nina kaka, mke wa kaka, watoto wao, na mzee aliyenifunza kazi. Upande wangu wote unaingia kwenye lifti moja, na kengele ya uzito hailii."

"Basi watakaa na sisi."

"Wakae na watu mia tisa wasiowajua?"

"Mkwe wangu, watu unawajua kwa kula nao. Sivyo, Daktari?"

Mpima Macho hakuwa daktari, lakini ukoo mzima ulishamvika jina hilo, na Fundi alilitumia kwa mapenzi. Fundi alimtazama kwenye kioo cha juu. Yeye alitazama alizeti.

Ukweli ulikuwa kwamba sehemu zote nne alizipenda, ile ya bata kuliko zote, na kila alipoanza kuipenda sehemu macho yake yalianza kuhesabu viti.

Baba yake na mama yake waliachana alipokuwa darasa la tatu. Kuachana ni jambo la kawaida, lakini hawa waliachana kwa ufundi. Waligawana kila kilichokuwa ndani ya nyumba, mpaka ikabaki sufuria kubwa ya jikoni, ile nzito ya kupikia wageni. Mama akachukua sufuria. Baba akachukua mfuniko. Mfuniko bila sufuria ni sahani mbaya, na sufuria bila mfuniko ni moshi mtupu, lakini kila mmoja aliondoka ameridhika kwamba mwenzake hatapika kwa raha. Tangu siku hiyo hawakukaa tena chini ya paa moja. Mtoto wao alipohitimu masomo, alipiga picha mbili, akala chakula cha mchana mara mbili, na jioni akalala na tumbo linalouma.

Fundi aliambiwa tu kwamba "hawaelewani sana," kama mtu anavyoweza kusema bahari ina majimaji.

Ukumbini jambo hilo lilikuwa rahisi. Baba anakaa kulia karibu na jukwaa, mama kushoto, katikati kunapandwa maua marefu kama msitu, na wageni mia tisa. Lakini mahali pa watu arobaini, utamficha nani nyuma ya nani?

Fundi alipinda kushoto, gari likayumba kwenye njia ya udongo, na likasimama mbele ya ghala.

Lilikuwa ghala la mbao la zamani, la kuhifadhia mbegu za alizeti, limepakwa rangi nyeupe iliyoanza kuchoka. Kutoka ndani alitoka mwanamke mzee mwembamba, amevaa buti za mpira, anafuta mikono kwenye aproni. Kijiji kilimwita Bi Magurudumu, na yeye mwenyewe alijitambulisha hivyo hivyo.

"Karibuni. Msije mkashangaa, marehemu mume wangu alikuwa seremala wa jukwaa la maigizo. Alizoea leo atengeneze jumba la mfalme, kesho jela. Kitu kinachosimama mahali pamoja kilikuwa kinamtia usingizi. Akastaafu, akanunua ghala hili, akakiwekea kila kitu magurudumu." Alisukuma mlango kwa kidole kimoja. Ukateleza pembeni bila sauti. "Kuta za ndani zinatembea. Meza zinatembea. Kabati linatembea. Kitanda chetu alipokiwekea magurudumu ndipo nilipomwambia sasa basi, maana tulilala chumbani tukaamka jikoni."

Shangazi alicheka kabla hajakumbuka kwamba amekuja kupinga.

"Ni pa kukodi kwa siku nzima?" aliuliza Fundi.

"Hapana, mwanangu. Mimi sikodishi ukumbi. Ukumbi mnaujenga nyinyi." Bi Magurudumu alikunja mikono. "Utaratibu wangu ni mmoja. Mmoja wenu anaingia peke yake, anapanga kila kitu anavyotaka siku yake iwe. Viti, meza, kuta. Akimaliza anamwita mwenzake aje kuona. Mkikubaliana, tunaandikiana. Msipokubaliana, chai ipo, mnakunywa mnakwenda. Watu wanajua kusema mbele yangu 'chochote akitakacho mwenzangu', lakini wakishika ukuta wanasema kweli."

"Nani anaanza?"

"Anaanza anayesitasita."

Akamwonyesha Mpima Macho kwa kidevu.

"Mimi sisitisiti," alisema Mpima Macho.

"Mwanangu," alisema Shangazi, "umekataa bata."

Ndani palinuka mbao kavu na kwa mbali mafuta ya mbegu. Jua lilipita kwenye nafasi za mbao likachora mistari sakafuni, na mwishoni kabisa palikuwa na dirisha pana lililojaa njano ya shamba. Mpima Macho alisimama katikati, moyo ukaanza ule mchezo wake wa kupenda. Alijiona hapo dirishani. Alimwona Fundi na shati jeupe, vidole vyake vimesuguliwa kuondoa grisi mpaka vimekuwa vyekundu. Akaona watu arobaini wanaocheka kwa pamoja, kwa sababu kila mmoja amesikia alichosema mwenzake.

Kisha akaanza kuhesabu viti.

Alivuta kiti kimoja akakiweka mbele kulia. Baba. Akavuta kingine akakiweka mbele kushoto. Mama. Akarudi nyuma akatazama. Hapana, wanaonana uso kwa uso. Akampeleka mama mstari wa pili. Lakini mama atasema amewekwa nyuma ya baba kama mjakazi. Akampeleka baba mstari wa pili pia, nyuma ya nguzo. Baba atasema hajamlea mtoto aje amwone kwa kuchungulia nyuma ya nguzo. Alimzungusha mama ghala zima, mpaka karibu amtoe nje. Kila alipomweka, jicho la baba lilifika.

Ndipo alipouona ukuta. Ulikuwa umeegemezwa ubavuni mwa ghala, mweupe, mrefu kuliko mtu. Aliushika ili aone tu. Ukaja. Ukateleza kama droo iliyopakwa sabuni, ukapita katikati ya sakafu, ukasimama pale alipotaka usimame. Sasa ghala lilikuwa vyumba viwili virefu. Huku baba, kule mama. Mwisho wa ukuta, chini ya dirisha, aliweka kiti kimoja ambacho aliyekaa hapo ataonekana pande zote.

Alikalia kiti hicho. Akageuka kulia: upande wa baba. Akageuka kushoto: upande wa mama. Alipumua kwa mara ya kwanza tangu avishwe pete. Ilikuwa kama pale mgonjwa anapobadilishiwa vioo, mara moja, mara mbili, halafu ghafla anasema, hapo, hapo hapo.

"Fundi!" aliita kwa furaha. "Njoo uone! Tumepata!"

Fundi aliingia, tabasamu limemtangulia. Alitembea upande wa kulia mpaka mwisho, akarudi, akatembea upande wa kushoto. Aligusa ukuta, akausukuma kidogo, akaurudisha.

"Huku ni kwa nani?"

"Kwa baba."

"Na kule?"

"Kwa mama."

"Kaka yangu na mkewe?"

"Watachagua wanapopenda."

"Mmoja huku, mmoja kule? Wataagana mlangoni?"

"Usifanye mzaha, Fundi. Wanaweza wakakaa wote upande mmoja."

"Sawa." Alifika dirishani. "Na hiki kiti?"

"Changu hicho. Ukikaa hapa unaonekana na kila mtu."

Fundi alikitazama kiti. Alitazama kulia, akatazama kushoto, kisha akatazama nyuma yake kama mtu aliyeangusha kitu. Alipozungumza sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, sauti ya kumuuliza mwenye nyumba swichi iko wapi.

"Mimi je, Daktari? Mimi nakaa wapi?"

Mpima Macho alifungua mdomo amwonyeshe. Mkono uliinuka, kidole kikanyooka, na hakikuwa na pa kuelekea. Alikuwa amempanga baba, amempanga mama, amewapanga wageni, ametafuta hata mahali pa keki. Kiti cha bwana harusi hakikuwepo.

"Nimesahau," alisema kwa sauti ndogo. "Nakuletea sasa hivi."

"Usilete." Alimshika mkono, si kwa nguvu. "Kwa hiyo haikuwa nyuki."

"Haikuwa nyuki."

"Wala ngazi."

"Wala ngazi."

"Bata?"

"Bata ni kweli walinitazama vibaya."

Mahali pengine wangecheka. Hapa macho yao yalikutana, na kicheko kikafika karibu, kikaona hali, kikarudi.

Akamweleza, kwa haraka, akitazama kifungo cha shati lake. Sufuria na mfuniko. Picha mbili. Chakula mara mbili. "Kila mwaka siku ya sikukuu naenda kwa baba asubuhi na kwa mama jioni, na njiani nabadilisha mpaka maneno. Kwa baba siwezi kusema 'mama kanipa'. Kwa mama siwezi kusema 'baba anakusalimu', na wala hajamsalimu. Nilitaka siku moja tu, Fundi, ipite bila mtu kukunja uso."

"Nakuelewa."

"Basi?"

"Basi mtoto wetu akizaliwa tutamzaa mara mbili? Asubuhi kwa baba yako, jioni kwa mama yako?" Aliachia mkono wake. "Mimi wazazi wako siwaogopi. Wakigombana nitawatenganisha, nimeshatenganisha hata wapangaji waliokwama lifti moja na kodi hawajalipana. Ninachoogopa ni hiki kiti. Kimoja. Na wewe ulikikalia ukapumua."

"Usiseme hivyo."

"Nilikusikia mpaka nje, Daktari. 'Tumepata.' Umesema kwa furaha kweli. Unataka ukumbi wa mjini, nitakuoa ukumbini. Nitakuoa hata ndani ya lifti iliyokwama. Lakini niambie nitakaa wapi."

Akatoka. Hakubamiza mlango, na hata angetaka, mlango ule ulikuwa hauwezi kubamizwa. Kupitia nafasi za mbao Mpima Macho alimwona akienda kwenye pikapu, akipanda nyuma, akianza kuifunga kamba ngazi yake ya kazi ambayo ilikuwa imeshafungwa.

Aliyeingia ni Shangazi. Alikagua upande wa kulia, akachungulia wa kushoto, uso ukamchanua.

"Hii sasa naipenda. Wifi yangu kule, mimi huku, kila mtu na hewa yake. Kwa nini hukusema mapema? Tungeokoa mafuta ya gari." Kisha jicho la mkunga, lisilopitwa na kitu, likatua dirishani. "Na mkwe?"

"Nimemsahau, shangazi."

Shangazi alikaa kwenye kiti cha kaka yake. "Mwanangu, nimehudhuria harusi nyingi. Nimeona watu wakisahau pete. Nimeona keki imesahaulika kwenye buti la teksi. Bwana harusi, bado."

"Usinicheke."

"Nikucheke kwa kinywa gani? Nashangaa."

Mpima Macho aliuegemea ukuta, nao ukarudi nyuma kidogo, akayumba. Akaushika.

"Unauona huu? Huu ni mimi. Wamenisimamisha katikati tangu darasa la tatu, na nina magurudumu, shangazi. Baba akisukuma naenda. Mama akivuta naenda. Na wewe pia unasukuma, usinitazame hivyo. Leo nimekaa hapa nikajipangia harusi bila mume, na nikaona raha. Nikaona raha, shangazi!"

"Baba yako ana presha."

"Ana presha tangu nikiwa na meno ya utoto. Haijamzuia kwenda kutazama mpira."

Shangazi aliukamata mkoba wake kama vile mtu anataka kumnyang'anya. Kwa muda hakusema kitu, jambo ambalo watoto wa nusu wilaya wasingeliamini.

"Sasa unataka kufanya nini?"

"Nataka kupiga simu."

"Mtandao uko juu ya meza!" Bi Magurudumu alisema kutoka mlangoni, akiwa na birika mkononi na bila aibu yoyote ya kusikiliza. "Ile ndefu. Panda, inua simu karibu na lile boriti. Ukishusha, inakatika."

Ndiyo maana Mpima Macho alijikuta amesimama juu ya meza, viatu mkononi, Shangazi ameizuia meza kwa tumbo isikimbie. Na kwa kuwa simu ilibidi iwe juu na sikio lilikuwa chini, aliweka spika, na ghala zima likasikia.

"Mama!" Hivyo ndivyo baba yake alivyomwita tangu azaliwe. "Mbona unapiga kelele? Uko kisimani?"

"Niko juu ya meza, baba. Nimepata sehemu ya harusi. Ni ndogo. Wazazi wana benchi moja, hapa mbele. Utakaa na mama."

Nje, kamba iliacha kukazwa.

"Baba? Upo?"

"Nipo. Hilo benchi lina urefu gani?"

"La watu wawili."

"Wawili wembamba, au..."

"Baba."

"Nauliza tu. Mwenzangu amekubali?"

Hakuwahi kumsikia akimwita "mwenzangu". Alishika boriti kwa mkono wa pili.

"Nampigia sasa. Sikuulizi, baba yangu, naomba unielewe. Nakuarifu. Ukija, mahali pako papo, mbele kabisa. Usipokuja nitalia, nitalia sana, lakini nitaolewa."

Simu ilikoroma. Ilikuwa ni mtandao, au ni mzee.

"Mwambie basi akae kushoto kwangu," alisema baba mwishowe.

"Kwa nini kushoto?"

"Sikio la kushoto halisikii, mama. Umesahau?"

Shangazi aliziba mdomo kwa mkoba. Meza ikatetemeka.

Mama yake alipokea haraka, kama kawaida yake. Alisikiliza yote. Benchi, sehemu ndogo, kuarifiwa si kuulizwa, machozi na kuolewa. Hakukatiza hata neno, na hilo lilimtisha bintiye kuliko matusi.

"Anakuja?" aliuliza.

"Anakuja. Ila amesema ukae kushoto kwake."

"Kushoto ndiko kwenye sikio bovu."

"Ndiyo, mama."

"Hm. Miaka yote hii, bado anadhani nitamsemesha." Sauti yake ilikuwa kavu, lakini pembeni mwa ukavu huo palikuwa na kitu kama unyevu wa ukutani, kinachoonekana ukiweka kiganja. "Haya, mwanangu. Nitakuja. Lakini mwambie aje na mfuniko wangu."

Simu ikakatika.

Mpima Macho alikaa pale pale juu ya meza, miguu inaning'inia. Alikuwa anacheka, na mashavu yake yalikuwa yamelowa. Aliposhusha macho alimwona Fundi mlangoni, kipande cha kamba kimezungushwa mkononi.

"Umesikia?"

"Hata alizeti zimesikia."

"Nilimwambia baba nitaolewa. Nikasahau kuuliza kama muoaji bado yupo."

"Alikuwa anafunga ngazi."

"Ilikuwa imefungwa."

"Nilikuwa naifunga vizuri."

Alishuka mezani, akapita mbele yake bila kumgusa, akaenda kwenye safu ya viti karibu na ukuta wa nje. Vilikuwa vinafanana vyote, lakini alichagua, akakikalia kimoja, akakikataa, akachukua kingine. Akakibeba hadi dirishani na kukiweka ubavuni mwa kiti chake, karibu mpaka miguu ya viti ikagongana.

"Pamebana," alisema Fundi alipokaa.

"Nisogeze?"

"Thubutu."

Walikaa hivyo kitambo, bega kwa bega, wakiutazama ukuta mweupe uliosimama mbele ya pua zao.

"Sasa huu," alisema Mpima Macho, "unanizibia wageni wangu."

Waliinuka wakausukuma pamoja. Mpima Macho alikuwa ameuvuta peke yake bila taabu, lakini safari hii, kwa sababu unazozijua ukuta wenyewe, ulihitaji mikono minne, na mikono miwili kati ya hiyo ilikuwa juu ya mingine miwili. Ulipogusa ubavu wa ghala Bi Magurudumu alikuja na buti zake, akakanyaga breki ya kila gurudumu.

"Benchi mnalo?" aliuliza. "Mmeahidi watu benchi, na mimi nina viti tu."

Mpima Macho na Fundi walitazamana.

"Nitalichonga," alisema Fundi.

"Bila magurudumu," alisema Mpima Macho.

Walikunywa chai, wakaandikiana. Walipofika kwenye pikapu Shangazi alifungua mlango wa nyuma mwenyewe, akapanda, akalisukuma sanduku la spana kwa kiatu.

"Shangazi, kaa mbele," alisema Fundi.

"Nyuma kuna upepo."

Mpima Macho akakaa mbele. Alizeti zilipita tena pande zote mbili, na mkono wa Fundi ulikuwa ukienda kwenye gia mara nyingi kuliko barabara ilivyodai. Walipofika kwenye lami Shangazi akakohoa, kikohozi cha mtu asiye na mafua.

"Ule mfuniko," alisema.

"Shangazi?"

"Baba yako hana. Alinipa mimi wiki ile ile aliyoupata. Alisema haupendi, unamtazama."

"Kwa hiyo uko wapi?"

"Kwangu. Nafunikia ndoo ya maji ya kunywa."

Fundi alipunguza mwendo kwenye njia panda, akawasha taa ya kuashiria upande wa nyumbani kwa Shangazi, akasubiri lori lipite.

"Msinikimbize," alisema Shangazi. "Kwanza niambieni, ndoo yangu nitaifunika na nini?"